Shimo Lisilotaka Wageni

Bibi Shamba alifika kwa shangazi yake asubuhi akitegemea kukuta wakulima wachache wa kikundi anachokifundisha, akakuta uwanja umejaa pomoni. Watu walikuwa wamekaa juu ya mawe, juu ya ndoo zilizopinduliwa, juu ya ukuta mfupi wa zizi. Waliokosa pa kukaa walisimama kandokando kama wanaosubiri mpira uanze. Alipoonekana tu, mtu mmoja akapiga mluzi, wanawake wakacheka, na sauti ikatoka nyuma kabisa: "Haya, refa kaja! Tuanze!"

Moyo ulimdunda mpaka akaona aibu, kana kwamba wote wanausikia. Aliegemeza baiskeli ukutani, ikaanguka. Akaiinua, ikaanguka tena. Akaiacha hapo hapo chini.

Hakuwa na muda mrefu tangu amalize chuo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashambani akiwafundisha wakulima namna ya kujiandaa kwa kiangazi, na watu walimwita Bibi Shamba, wengine kwa heshima na wengine kwa mzaha, kwa sababu alikuwa binti mwembamba ambaye kofia yake ya kazi ilimfika kwenye nyusi. Siku hii aliisubiri kuliko alivyosubiri cheti chake. Leo walikuwa wanafunua shimo.

"Shikamoo, Shangazi!"

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

"Nitakunywa tukishafunua."

"Utakunywa sasa. Watu wote hawa wamekunywa, wewe mwenye shughuli uanze na tumbo tupu?"

Shangazi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti ya mtu mkubwa. Siku hiyo alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani na kufagia uwanja mpaka ardhi ikawa na mistari. Mlango wake haukuwahi kujua komeo. Mpita njia aliyeomba maji kwake aliondoka amekula, na aliyekuja kuazima chumvi aliondoka na chumvi na habari za watu wote. Watu walimpenda kwa hilo. Naye alijipenda kwa hilo kidogo.

Bibi Shamba alipiga mafunda mawili ya chai ya moto huku macho yake yakienda nyuma ya nyumba, ambako mgongo wa udongo ulionekana umeinuka kama kitanda kilichotandikwa vizuri. Chini ya mgongo ule kulikuwa na karatasi kubwa ya nailoni, na chini ya nailoni kulikuwa na mahindi ya Shangazi.

Ilikuwa hivi. Mvua za msimu zilipofika katikati, redio ilitangaza kwamba zitakatika mapema. Bibi Shamba akapita nyumba kwa nyumba akisema jambo lile lile: mahindi ambayo hayatawahi kukomaa yakatwe yangali mabichi, na bua lake na majani yake na magunzi yake machanga, yakatwekatwe vipande vidogo, yashindiliwe shimoni na kufunikwa kabisa. Chakula hicho cha ng'ombe, kinachoitwa silaji, huchachuka polepole huko chini na kukaa bila kuoza mpaka kiangazi, wakati ambapo nyasi hazipatikani hata kwa dawa. Watu walimsikiliza vizuri sana, wakamsindikiza mpaka barabarani, na hakuna aliyekata hata bua moja.

Shangazi peke yake ndiye aliyesema, "Kata."

Siku ile ya kukata, majirani walikuja kushika vichwa. Mahindi yalikuwa yamesimama kijani kibichi, punje zikibanwa kwa ukucha zinatoa maziwa. Jirani mmoja, ambaye watu walimwita Nilijua kwa sababu hakuna jambo lililowahi kutokea duniani bila yeye kusema alilijua, alisimama kwenye mpaka wa shamba akatikisa kichwa mpaka shingo ikalia.

"Nimeona watu wakivuna mapema," alisema. "Sijaona mtu akivuna njaa."

"Njoo unisaidie kubeba basi," Shangazi akamjibu, "ili uweze kusimulia vizuri."

Akaja. Wote walikuja, maana hakuna aliyeweza kumwambia Shangazi hapana. Walipofika kwenye kushindilia, kazi ikageuka sherehe. Bibi Shamba alikuwa amewaeleza kwamba adui wa silaji ni hewa: ikibaki katikati ya majani, panaoza. Basi kila tabaka lililomwagwa shimoni, wakanyunyizia molasi, ile shira nyeusi ya miwa, iliyochanganywa na maji, wakaingia wenyewe, wakalikanyaga wakiimba. Wakabingirisha juu yake pipa lililojaa maji. Halafu wakamwita Bucha, mwenye duka la nyama, mtu mnene kuliko wote, aje awasaidie kwa uzito wake. Bucha alivua viatu, akakunja suruali, akaanza kurukaruka huku anahema. "Maisha yangu yote nimesemwa kwa unene huu," alipiga kelele kutoka shimoni, "kumbe nilikuwa nautunza kwa ajili ya maendeleo!"

Basi hayo yalikuwa ya wakati wa furaha. Sasa kiangazi kilikuwa kimeingia kwa miguu yote miwili. Malisho yalikuwa yameliwa mpaka mizizi, vumbi lilipanda kila kwato lilipogusa chini, na kule mtoni watu walipita na viatu. Zizini alisimama ng'ombe wa Shangazi, jina lake Tajiri, mwenye mimba, nyonga zimemtokeza kama pembe za meza. Alikuwa ng'ombe pekee wa nyumba ile. Maziwa yake yalikuwa ndiyo chai ya Shangazi na chai ya wageni wote wa Shangazi.

Karibu na njia, Bucha alikuwa amekaa juu ya gogo, kamba imelala begani.

"Habari za asubuhi, dada," alimwambia Bibi Shamba.

"Nzuri. Naona umekuja na kamba."

"Shangazi yako ndiye aliyeniita." Akashusha sauti. "Ameniambia shimo likiwa zima, niondoke. Likiwa limeoza, nimchukue Tajiri leo hii nimpeleke mnadani, angali anaweza kutembea. Kusema kweli, naomba kamba hii irudi nyumbani ilivyokuja. Ng'ombe mwenye mimba, mifupa mitupu, hata mimi nachoka roho. Lakini akianguka humo zizini, nani atamnyanyua?"

Bibi Shamba hakujua habari hiyo ya makubaliano. Alimwangalia shangazi yake, ambaye alikuwa anacheka na wanawake kama mtu asiye na neno moyoni, akaelewa kwamba kile kitambaa kipya kilifungwa kwa ushujaa tu.

"Halitakuwa limeoza," alisema.

"Inshallah," akasema Bucha, akasogeza kamba kidogo mgongoni isionekane.

Wakazunguka nyuma ya nyumba, umati mzima nyuma yao. Bibi Shamba alilizunguka shimo polepole akilikagua. Mfereji wa kuzuia maji ulikuwa safi. Udongo wa juu ulikuwa umekauka na kushikamana, hauna ufa. Mawe ya kukandamiza kingo yalikuwa mahali pake. Tabasamu lilikuwa limeanza kumtoka lenyewe, mpaka alipofika kwenye pembe iliyo karibu na njia.

Pale udongo ulikuwa laini kama unga. Ulikuwa umefagiliwa. Mawe mawili yalikuwa yamelainika na kung'aa, kama vitasa vya mlango vilivyoshikwa na mikono mingi.

Akachuchumaa. "Shangazi, huku mbona pamefagiliwa?"

"Nilipafagia mimi. Wageni wanakuja, niache pachafu?"

"Wageni gani?"

"Wageni, mwanangu! Waliokuja kuona shimo. Mtu anatembea kutoka kwake mpaka huku, nimwambie nini? Namnyanyulia pembe kidogo, anachungulia, ananusa, nafunika. Kama sufuria jikoni. Halafu tunakwenda kunywa chai."

Bibi Shamba aliinuka. "Walikuwa wengi?"

Shangazi akageuka, akawatazama watu waliojaa uani kwake. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ikawa ndogo. "Si hawa hapa? Waulize."

Kutoka katikati ya umati, mtu akakohoa.

"Mimi nilinusa mara moja tu."

"Mara moja!" akadakia mwanamke aliyeitwa Mama Kuku, kwa sababu ya biashara yake ya kuku. "Ulikuja peke yako, ukaja na dada yako, ukaja na mume wa dada yako!"

"Na wewe uliyebeba konzi ukaenda kumwonyesha mama yako?"

"Mama yangu hawezi kutembea! Ningefanyaje?"

"Mimi nilikuwa na haki," akasema Bucha kutoka nyuma. "Nililikanyaga kwa miguu yangu. Mtu hawezi kwenda kuangalia kazi yake?"

"Nilijua tu," akasema Nilijua. "Hilo shimo limechunguliwa kuliko dirisha la bibi harusi."

"Na wewe je?"

"Mimi nilikuwa nahakikisha."

Kicheko kikalipuka, kikubwa, kikavunja uzito, lakini Bibi Shamba hakucheka. Mama Kuku alimwona, akasema kwa upole, "Lakini Bibi Shamba, usituangalie hivyo. Si wewe mwenyewe uliyetutuma? Kila mkutano: jamani, nendeni kwa shangazi yangu mkaone shimo."

Ilikuwa kweli. Alilisema kila mahali, kwa fahari, mikono ikipaa. Katika mawazo yake kuona shimo kulikuwa kusimama kando na kutazama udongo. Hakufikiria kwamba aliwatuma kwa mwanamke ambaye hajawahi kumwonyesha mgeni mlango uliofungwa. Alikuwa amemfahamu Shangazi tangu alipobebwa mgongoni naye, na bado hakufikiria.

"Kosa langu," alisema. "Nilisema msiingize hewa. Sikusema hata pembe ni hewa."

Akavua kofia. Akaliondoa jiwe la kwanza, la pili, akakunja nailoni.

Harufu iliwapiga wote kwa pamoja. Waliokuwa mbele walirudi nyuma wakawakanyaga waliokuwa nyuma. Chini ya nailoni majani yalikuwa meusi, yanateleza, yameota ukungu mweupe kama nywele za mzee. Bibi Shamba alitia mkono, akatoa uozo. Akatia tena mpaka kwenye kiwiko, akatoa uozo.

Hakuna aliyefanya mzaha sasa.

"Funika, mwanangu," Shangazi alisema. Alikuwa amesimama wima, mikono imeshikana tumboni. "Watu wameona, inatosha. Bucha, baba, njoo. Usimburute tu. Anaenda vizuri ukimwita jina."

Bucha akainuka kwa shingo upande. Kamba ikashuka begani.

Na hapo kitu kikamshika Bibi Shamba, ambacho hata baadaye hakuweza kukieleza vizuri. Haikuwa hasira. Ilikuwa kama furaha ya ukaidi, ile inayomjia mtu aliyebakiwa na nafasi moja tu na anajua ni moja.

"Bucha, kaa chini!" alisema, na sauti iliyotoka ilifanana na ya shangazi yake. "Kaa! Mlikuwa mnachungulia pembe ipi?"

"Hiyo hiyo," watu wakajibu.

"Kuna aliyechungulia upande wa kule?"

"Kule kuna kamba ya kuanikia nguo," akasema Shangazi. "Ningepitisha wageni katikati ya nguo zangu za ndani?"

"Basi hewa iliingilia hapa. Imeoza kuanzia hapa kwenda ndani. Sijui imefika wapi, inawezekana imefika mwisho. Lakini inawezekana haijafika."

"Tufungue kule tuone!" wengi wakasema kwa pamoja, na wengine wakaanza kukimbilia upande wa kamba ya nguo.

"Hapana! Rudini! Tukifungua na kule, hewa itaingia pande zote mbili, hata palipo pazima pataoza. Tunaingia kwa hapa hapa palipoharibika. Tunautoa uozo wote mpaka tukutane na kizuri." Akavuta pumzi. "Na kila aliyechungulia anabeba beseni moja kupeleka kwenye mbolea."

Watu wakatazamana. Kisha Mama Kuku akacheka, akajifunga kitambaa kiunoni, akachukua beseni. Nyuma yake akasimama mtu mwingine, na mwingine, mpaka mstari ukazunguka nyumba na kufika mlangoni.

"Jamani," akasema Shangazi, macho yamemtoka, "nilikuwa na wageni wote hawa?"

Kazi ikaanza. Bibi Shamba alishika koleo, akaukata uozo wima, kutoka juu kwenda chini, kipande kwa kipande, akijaza mabeseni. Wabebaji walipita wamekunja sura, wengine wamejifunga vitambaa puani, wakipigana vikumbo na kutaniana. "Beba vizuri, hiyo ndiyo pua yako hiyo!" "Mimi langu limejaa kuliko lako, nami nilinusa kidogo!" Nilijua alijaribu kupita bila beseni akasema mgongo unamuuma, wakampa mawili. Nyeusi ikatoka, ikafuata nyeusi. Mabeseni yaliyokwenda yakarudi, yakaenda tena, na waliomaliza zamu yao hawakuondoka, walirudi kwenye mstari.

Jua lilikuwa kali. Jasho lilimwingia Bibi Shamba machoni. Alikuwa amekwisha kuingia ndani urefu wa mtu aliyelala, na bado ilikuwa nyeusi. Kila koleo alilojaza alilitazama kwanza kabla ya kulitupa, na kila alipotazama, moyo ulipanda na kushuka. Pembeni, Shangazi aliacha kuongea. Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu hofu.

Kisha ikatoka ya kahawia.

Akajaza beseni, akakata tena. Kahawia iliyopauka.

Mama Kuku, ambaye alikuwa ameinama kupokea, akabaki ameinama. "Ngojeni," alisema. "Ngojeni! Nyamazeni!" Kana kwamba harufu husikika vizuri zaidi pasipo na kelele. Akaleta pua karibu, akafumba macho. "Hii hainuki kama ile."

"Inanukaje?"

"Kama... kama maganda ya nanasi yaliyosahauliwa kwenye maji."

Bibi Shamba aliangusha koleo, akapiga magoti, akachimba kwa vidole. Ukuta wa kahawia ulibomoka mbele yake, na nyuma yake kulikuwa na kijani kilichofifia kuelekea manjano, vipande vya bua vimeshikana vizuri, vimelowa kiasi, vina uvuguvugu kidogo. Harufu ikaja, kali, tamu, chachu, ikampanda puani mpaka akapiga chafya. Akachukua konzi, akaikamua. Haikutoa maji. Akaifungua, ikajiachia taratibu kiganjani, kama ilivyoandikwa katika kila kitabu alichowahi kusoma na kama ambavyo hakuwahi kuiona kwa macho yake mwenyewe.

"Ni nzima," alisema, lakini sauti haikutoka. Akajaribu tena. "Shangazi! Ni nzima! Kuanzia hapa mpaka kule ni nzima!"

Kelele iliyopigwa uani iliwafanya kuku wa jirani wapande juu ya paa. Watu walikumbatiana na mikono yao michafu. Nilijua alirusha kofia juu akapaza sauti, "Nilijua! Nilijua!" na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemzomea. Bibi Shamba akakaa palepale shimoni akicheka na kulia kwa wakati mmoja, na makamasi yakimtoka bila aibu yoyote.

"Beseni safi!" aliita. "Leteni beseni safi, tumpe Tajiri!"

Aliyekuwa karibu na beseni safi ni Bucha. Akajaziwa, akalibeba kwa mikono miwili kuelekea zizini, anatembea kwa madaha kama anabeba keki ya harusi. Hakufika. Tajiri alikuwa ameinua kichwa tangu harufu ile ilipotoka, mapua yamefunguka, masikio yameelekea mbele. Bucha alipokaribia, yule ng'ombe ambaye tangu juzi alikuwa anajikokota tu alikata kamba yake kuukuu kwa mvuto mmoja, akapita kwenye pengo la ukuta, na watu waliokaa pale wakajitupa huku na huku. Bucha alimwona anakuja. Akageuka akaanza kukimbia, beseni kifuani, kamba yake mwenyewe inamburuzika nyuma. Tajiri akamfuata.

"Weka chini!" watu walipiga kelele. "Bucha, weka beseni chini!"

"Atanikanyaga!"

"Weka chini wewe!"

Akaweka, akaruka pembeni. Tajiri akatumbukiza mdomo wote ndani, mpaka machoni, akaanza kula kwa kelele ambayo Bibi Shamba aliiona nzuri kuliko muziki wowote. Watu walishikana mbavu. "Jamani andikeni!" mtu alisema, hoi kwa kicheko. "Leo bucha kafukuzwa na ng'ombe!"

Bucha alikuwa anahema amejishika magoti. Alipoweza kusema, alisema, "Afadhali hivi. Afadhali hivi mara mia." Akaikunja kamba yake, akaitia mfukoni.

"Kidogo kidogo!" Bibi Shamba alikimbilia beseni, akalivuta. "Tumbo lake halijazoea. Leo hili linatosha, kesho tutamwongezea." Tajiri alimtazama kwa chuki ya dhati, akalifuata kwa macho beseni likienda.

Ndipo alipogeuka, akaona shimo.

Lilikuwa wazi, mdomo wote, na umati ulikuwa umelizunguka. Kila mtu alitaka kugusa. Waliokuja na watoto waliwanyanyua wanuse. Mtu alikuwa amekwisha kuchukua konzi na kuifunga kwenye kitambaa. Na katikati yao alisimama Shangazi, uso unamng'aa, mikono imefunguliwa kwa upana wote.

"Karibuni! Karibuni, msione haya! Shikeni, nuseni, mkamwonyeshe na mama nyumbani!"

Bibi Shamba alimfikia, akamshika kiwiko, akamnong'oneza, "Shangazi. Hewa."

Neno lile moja tu. Mikono ya Shangazi ikabaki pale pale ilipokuwa, imefunguliwa. Akamtazama binti wa kaka yake. Akautazama umati: majirani zake, waliobeba uozo wake jua kali bila kunung'unika, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kutia mkono. Kumfukuza mmoja tu kati yao ilikuwa ni kujiita mkono wa birika mbele ya dunia nzima. Bibi Shamba aliliona jambo hilo likipita usoni mwa shangazi yake, likapita kweli kweli, kama maumivu ya jino. Hakusema zaidi. Hilo halikuwa neno lake la kusema.

Shangazi akamtazama Tajiri, ambaye alikuwa analamba ardhi pale beseni lilipokuwa.

"Basi," alisema.

Hawakumsikia.

"Basi, nimesema! Toeni mikono!" Mikono ikatoka. "Wewe, rudisha hiyo iliyo kwenye kitambaa. Ndiyo, wewe, nimekuona. Hiyo ni kifungua kinywa cha mtu." Akaishika nailoni mwenyewe, akaivuta juu ya ukuta ule wa kijani. Bibi Shamba akawahi upande wa pili, wakaibana pamoja, wakapanga mawe, wakarudisha udongo. Halafu Shangazi, kwa kuwa hakuiamini hata mikono yake mwenyewe, akaikalia ile pembe. Akakaa juu yake kabisa, miguu ameinyoosha mbele.

"Litafunuliwa mara moja kwa siku," alitangaza, "kwa ajili ya Tajiri, na kufunikwa papo hapo. Chai iko ndani. Viti viko ndani. Kila kitu changu ni chenu. Hili si changu, ni la ng'ombe."

Watu walicheka, wengine walinung'unika, lakini walianza kusogea. Na ndipo, pasipo mtu kumtarajia, akaingia kwa njia ile ya mbele mzee mmoja mrefu aliyevaa koti licha ya joto, viatu vyeupe kwa vumbi. Uwanja ukapoa. Alikuwa baba wa mume wa binti yake Shangazi, mkwe wake, mtu wa kusalimiwa kwa kupiga goti, ambaye hakuwahi kufika pale bila kuchinjiwa kitu.

Shangazi alitaka kuruka asimame. Nusu ya mwili wake ilinyanyuka. Nusu nyingine ikabaki juu ya pembe.

"Karibu, Mkwe wangu. Karibu sana. Unisamehe nakusalimia nikiwa nimekaa."

"Starehe, Mkwe," akasema mzee, akijipangusa jasho. "Nimesikia habari huko kwetu. Ng'ombe wangu wanaisha. Nimetembea tangu alfajiri nije nilione shimo."

Hata waliokuwa wamekwisha kuingia ndani walitoka mlangoni kusikiliza. Bibi Shamba alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mkwe wangu," alisema, "utakula kwangu, utalala kwangu, na utasindikizwa mpaka nusu ya njia. Lakini shimo limefungwa. Mpaka kesho asubuhi."

"Nimetoka mbali."

"Najua. Ndiyo maana sikuonyeshi shimo, nakuonyesha kinachopita shimo." Akanyoosha kidole. "Nenda ukanuse mdomo wa ng'ombe yule."

Mtu akaguna. Nilijua alifungua kinywa aseme kitu, akakosa, kwa sababu hilo hakulijua. Mzee alimtazama Shangazi kwa muda mrefu, naye Shangazi hakuinamisha macho ingawa vidole vyake vya miguu vilikuwa vinacheza vyenyewe. Kisha yule mzee akavua koti lake, akampa Bucha alishike, akamwendea Tajiri taratibu, akainama mpaka pua yake ikakaribia pua ya ng'ombe, akavuta pumzi. Tajiri naye alimvutia pumzi, kisha akamlamba kuanzia kidevuni mpaka kipajini.

Mzee aliinuka na uso umelowa. Hakujifuta.

"Binti," alimwambia Bibi Shamba, "hayo mahindi mnayakata yakiwa yamefika wapi?"

Bibi Shamba akafungua mdomo kumjibu, lakini Mama Kuku alikuwa amekwisha kuuliza jinsi ya kupata molasi, na mwingine akauliza kina cha shimo, na mwingine kama mtama nao unafaa, na Nilijua akataka wote wajue kwamba Bucha atakanyaga la kwake kwanza maana yeye ndiye aliyemwomba mapema, na wote walikuwa wanamsogelea kwa pamoja, wakimsukuma nyuma, hatua kwa hatua, kuelekea kwenye ule mgongo wa udongo.

"Mwulizeni huko!" Shangazi alipaza sauti kutoka alipokaa, akiwapunga kwa mikono yote miwili. "Huko mbali! Hata jikoni kwangu! Hapa msikanyage!"

Wakamfuata Bibi Shamba jikoni, wote, mpaka mlango ukawa haupitiki.